Kiwanja Kilichonyweshwa

Kipimo kilikuwa cha uongo, na aliyekiharibu alikuwa Timazi mwenyewe, kwa mkono wake, kwa mpira wa maji na kwa nia njema.

Timazi ni jina alilopewa na wajenzi wenzake. Fundi mwashi yeyote ana timazi yake, kamba yenye kipande cha chuma mwishoni, anaining'iniza kando ya ukuta ajue kama umesimama wima. Huyu alikuwa haning'inizi kitu. Alikuwa anarudi nyuma hatua tano, anafumba jicho moja, anasema ukuta umelala kushoto kidole kimoja. Wenye mashaka walikuwa wanapima. Walikuwa wanakuta kidole kimoja.

Shule aliiacha darasa la sita na hakuililia. Nyumba alizokuwa amekwisha kuzijenga zilikuwa sitini na moja, na alizihesabu kama mwingine anavyohesabu wajukuu. Ya sitini na mbili ndiyo iliyokuwa na uzito, maana ilikuwa ya mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo alikuwa amefanya kazi kiwanda cha nyuzi miaka thelathini, akivuta vumbi la pamba asubuhi mpaka jioni. Daktari alimwambia pafu la kulia limebaki la kusindikiza tu, linalofanya kazi ni la kushoto. Akitembea alikuwa anakwenda hatua sita, anasimama, anajifanya anaangalia kitu, kisha anakwenda sita nyingine. Nyumba aliyopanga ilikuwa imewekewa alama nyekundu ukutani, ibomolewe barabara ipanuliwe, na siku zilizobaki zilikuwa arobaini na tano. Timazi alikuwa amesimama mbele ya ukoo mzima wa mkewe na kusema kwamba mama hatalala kwa watu hata siku moja: atatoka mlango ule, ataingia mlango wake. Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo. Ndivyo alivyokuwa, mdomo wake ulizoea kutangulia, na mikono yake ilizoea kuufikia.

Kiwanja kilikuwa mlimani, upande wenye mawe. Chini yake kulikuwa na machimbo ya zamani ya kokoto. Kwa sababu ya mawe hayo, ofisi ya vibali ilikuwa na sharti: hakuna kuchimba msingi upande ule mpaka udongo upimwe gesi ya radoni. Timazi alipolisikia neno hilo mara ya kwanza alidhani ni jina la kampuni ya rangi.

Aliyemweleza alikuwa shemeji yake, mdogo wake mkewe, fundi wa maabara ya udongo. Wenzake walimwita Sindano, kwa sababu chombo chake kikubwa cha kazi kilikuwa bomba la sindano lenye unene wa mkono wa mtoto, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mwembamba. Alimwambia kwamba radoni hutoka kwenye mawe yenyewe. Ikitokea nje, upepo unaichukua na hakuna neno. Ikitokea chini ya sakafu, inapanda kwenye nyufa, inakaa chumbani, na anayelala humo anaivuta mwaka hadi mwaka mpaka mapafu yanaweza kuota kansa.

"Kwa hiyo jiwe linajamba," Timazi alisema.

"Linajamba, shemeji. Na halinuki, ndiyo ubaya wake."

Timazi alicheka mpaka akakaa kwenye tofali. Lakini moyoni hakuamini. Nyumba sitini na moja, na hakuna mwenye nyumba aliyewahi kurudi kumlalamikia pumzi ya mawe. Alikubali kipimo kwa sababu bila karatasi hakuna kibali, na bila kibali hakuna msingi.

Sasa, Timazi alikuwa na tabia yake moja ya kazi, na aliisifu mbele ya kila kibarua. Ardhi yoyote aliyotaka kuichimba, aliinywesha kwanza siku tatu. Alikuwa anasema ardhi ikinywa, sururu inacheka. Udongo wa mlimani ulikuwa mgumu kama kisigino cha mtembea peku, na Sindano alikuwa amemweleza kwamba atagongea chuma ardhini kwa nyundo, mahali kumi na tano, kila mahali kwenda chini sentimita themanini. Timazi akaitazama mikono ya shemeji yake. Haikuzidi njiti za baiskeli. Akamwonea huruma, na hapo ndipo palipoharibika. Aliomba bomba kwa jirani, akavuta mpira, akaacha maji yatembee kiwanjani siku tatu kutwa. Siku ya nne aliyafunga, jua likapiga, na ya tano Sindano alipofika na mkoba wake, juu kulikuwa kukavu, pametulia, kama ardhi nyingine yoyote.

Kazi ya Sindano, Timazi aliitazama kwa jicho la fundi, na aliipenda. Sindano alisimamisha chuma chenye tundu katikati, kilichozibwa chini kwa ncha ndogo ya chuma. Alikigonga mpaka alama, akaisukuma ile ncha itoke, akakivuta chuma juu kidogo ili chini pabaki nafasi ya hewa. Kisha akafunga bomba la sindano juu, akavuta ile hewa ya ardhini, akaitia kwenye kikopo cha chuma na kukiziba. Vikopo vyote vitakwenda maabara, mashine itahesabu. Hakuna alichokifanya kwa haraka na hakuna alichokirudia.

Mara ya tatu alipokuwa anavuta, bomba lilimgomea. Chuma alichokichomoa kilitoka na tope.

"Huku juu kumenyesha?" aliuliza bila kugeuka.

"Mwezi mzima hakujanyesha," Timazi alisema, na ilikuwa kweli.

Sindano aliandika kwenye daftari lake kwamba udongo una mfinyanzi na unyevu, akaendelea. Angekuwa mteja mwingine angeuliza swali la pili, na la tatu. Huyu alikuwa mume wa dada yake, aliyemfundisha kuendesha baiskeli.

Majibu yalitoka siku tatu baadaye: elfu sita kwa kipimo chao, daraja la chini kabisa la hatari. Sindano aliweka sahihi, mkubwa wake akaweka mhuri, ofisi ya vibali ikatoa kibali. Alikuja kumpa Timazi nakala nyumbani kwake, na wakati anakunywa maji alieleza, kama mtu anayepiga soga tu, kwa nini aliuliza habari za mvua. Alisema maji huziba vitundu vya udongo. Ardhi ikiloa, gesi haipiti, na sindano inavuta hewa ya juu inayoteremka pembeni ya chuma. Mtu unaweza kupima upepo wa mtaani ukadhani umepima mlima.

Timazi aliukumbuka mpira, akaikunja ile nakala na kuitia mfukoni. Angesema pale pale ingekuwa kicheko na usumbufu kidogo. Hakusema. Alijiambia kwamba hakudanganya: aliulizwa mvua, akajibu mvua. Alijiambia siku zilizobaki ni thelathini na tano. Alijiambia na habari za nyumba sitini na moja. Mtu akianza kujipa sababu tatu kwa jambo moja, ujue hana hata moja.

Kesho yake alianza kuchimba na vibarua wawili. Alichimba kwa nguvu na kwa mizaha mingi kuliko kawaida, na mkewe, alipoleta chakula, alimuuliza kama ana homa.

Siku ya pili walifika pembe ya juu ya kiwanja, ambako mpira haukufika wala chuma hakikugongwa. Huko sururu haikuhitaji kucheka. Ule ugumu ulikuwa ganda tu la juu, unene wa shubiri mbili. Chini yake lilikuwa jiwe bovu, lililokwisha kuvunjika lenyewe kuwa changarawe, kavu, likimiminika kwenye mtaro kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Timazi alilitazama. Akachukua ndoo ya maji, akaimwaga yote mahali pamoja. Maji hayakutuama hata kwa muda wa kupiga chafya. Yalipotea.

Hakuhitaji mtu wa maabara kumfasiria hilo. Mahali maji yanapopita hivyo, hewa inapita kwa mbio. Akateremka upande wa chini, mahali alipopanywesha, akachota udongo, akaufinya. Ulibaki na alama za vidole vyake. Alikuwa amemvika mlima koti la mvua, kisha akamwita shemeji yake amsikilize mapigo juu ya koti.

Akiwa ameshika bonge lile, mama mkwe akafika. Alikuja kuona chumba chake, ingawa chumba kilikuwa kamba nne na vigingi. Timazi aliweka udongo chini, akafuta mikono kwenye suruali, akamwamkia. Mama aliitikia, akaruka kamba badala ya kupita palipoachwa mlango, akajisuta mwenyewe kwa kuingia dirishani kama mwizi. Akatembea hatua sita. Akasimama, akajifanya anaangalia machimbo. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kama mtu anayepuliza moto usiotaka kuwaka. Kisha akatembea nyingine mbili na kuonyesha chini kwa kidole cha mguu.

"Kichwa nitaweka hapa. Karibu na dirisha."

Timazi alilitazama lile bonge la udongo.

"Umenyamaza, mwanangu. Wewe ukinyamaza ujue saruji imekwisha."

Aliwaambia vibarua wakanywe chai. Kisha akamwambia yule mama yote, akiwa amesimama kwenye mtaro, kwa hiyo kichwa chake kilikuwa sawa na magoti ya mkwe wake. Alimwambia habari za mpira, za tope kwenye chuma, za swali alilojibu na maelezo aliyoyasikia akayameza. Hakujitetea. Alikuwa mtu wa kusema moja kwa moja, na kunyamaza siku tatu kulikuwa kumemchosha kuliko kubeba tofali.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama ni hakika gesi ipo. Timazi akasema hajui, na ndiyo taabu yenyewe: hakuna anayejua.

"Mimi nina pafu moja," mama alisema. "La kujaribia sina. Mpigie mwenzako simu. Hapa hapa, nikisikia."

Alipiga. Alipofika kwenye neno mpira alikatizwa.

"Siku ngapi?" Sindano aliuliza.

"Tatu. Kutwa."

"Shemeji, nilikuuliza."

"Uliuliza mvua."

"Ningeuliza gharika, ungenijibu hapana, hakuna safina?" Hapo sauti yake ilishuka. "Nimeweka jina langu pale."

Hilo la mwisho lilimuuma. Mtu asiye na shule anajua thamani ya sahihi kuliko anayeitupa kila siku. Aliomba radhi, mara moja, bila kuzunguka. Sindano akamjibu radhi ameisikia, atashughulika nayo baadaye, sasa asifungue maji tena, asiguse hata kijiko cha udongo, na ardhi iachwe ikauke mpaka yeye atakaporidhika. Na hakungoja kesho. Mchana ule ule aliingia kwa mkubwa wake na kumwambia karatasi ile irudishwe, na kwa nini.

Kazi ikasimama. Vibarua wakaenda kwa watu wengine. Timazi alikuwa anapanda mlimani kila asubuhi kuitazama ardhi ikikauka, jambo ambalo haliharakishwi na mtu kulitazama. Ndugu wa mkewe walipita na kumuuliza nyumba imefika wapi, akawajibu imefika chini. Jua lilikuwa kali siku zote hizo na alilishukuru kama mtu anayelilipa mshahara.

Siku ya kumi na nane Sindano alirudi. Alichimbua vijishimo vya kuangalia, akafinya udongo wa kila kina, akaridhika. Akamwambia Timazi leo nyundo ni ya kwake. Timazi akagonga vyuma vyote kumi na tano, mahali papya, kwenye ardhi kavu, akatokwa jasho mpaka kope. Kila alipotaka kutema mate Sindano alimwambia akateme kwa jirani, asije akalowesha kiwanja. Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya utani tangu ile simu, na Timazi aliyapokea kama mtu aliyerudishiwa shati lake.

Safari hii bomba la sindano lilivuta laini, kama linavuta maziwa.

Majibu: elfu themanini na sita. Kwa ardhi inayopitisha hewa vile, hilo lilikuwa daraja la juu. Juu kabisa.

Sindano alikuja nayo mwenyewe kiwanjani, akiwa amejiandaa kumliwaza. Alikuta haliwazwi. Timazi alikuwa ametoa penseli sikioni.

"Haya," alisema. "Tumejua huyu radoni anatoka wapi. Sasa tumwonyeshe njia."

Sindano alianza kuchora, na kabla hajamaliza Timazi alikuwa ameshaelewa, maana jambo lenyewe halikuwa geni kwake: ni bomba la moshi, ila moto wake ni jiwe. Chini ya sakafu utandaze kokoto safi, hewa ipate pa kutembea. Ndani ya kokoto ulaze bomba lenye matundu. Bomba hilo liungwe na jingine linalopanda ndani ya nyumba mpaka juu ya paa, litapike huko kwenye upepo. Juu ya kokoto utandike nailoni nzito, nzima, kabla ya kumwaga zege. Gesi itapata njia rahisi, na kitu chochote chenye akili au kisicho na akili hupita njia rahisi.

Alipokuwa na hakika Timazi alikuwa fundi wa kuogopesha. Alimsahihisha Sindano mara mbili. Kwanza, nailoni isiishie kwenye ukuta, ipite chini ya ukuta na ikunjwe kwa juu, maana nyufa huanzia pale sakafu inapokutana na ukuta, na hilo alilijua kwa nyumba sitini na moja. Pili, bomba la choo na la maji yanatoboa nailoni, kwa hiyo kila tundu livalishwe kola na kufungwa kwa lami. Sindano aliyaandika yote mawili na kusema atayapeleka maabara. Timazi akamwambia ayapeleke, na asisahau kuwaambia ni darasa la sita.

Siku ya kutandika nailoni aliwavua vibarua viatu. Walitembea juu yake kwa vidole, kama watu wanaopita karibu na mtoto aliyelala. Yeye alipiga magoti na kuikagua yote kwa viganja, kipande kwa kipande, akakuta tundu dogo la sigara na kuliziba mara tatu, kisha akauliza nani anavuta. Hakuna aliyevuta tena kiwanjani. Kuta zilipanda wima. Hakupima, na wenye mashaka wakapima, na zilikuwa wima.

Lakini siku arobaini na tano zilikuwa zimekwisha zamani. Buldoza lilifika kabla ya paa, na mama mkwe alitoka mlango wake akaingia mlango wa Timazi. Alipewa chumba cha kulala na kitanda. Mke wa Timazi alilala na mama yake. Timazi alilala sebuleni, chini, kwenye godoro la mgeni, na kwa heshima ya mkwe hakuvua shati ndani ya nyumba yake mwenyewe hata siku ya joto. Asubuhi mama alikuwa anapita kwenda kunawa, hatua sita, anasimama kando ya godoro lake, anamuuliza kama chini kuna hewa nzuri.

Nyumba ilipokwisha alihamia. Kichwa aliweka pale alipopaonyesha kwa kidole cha mguu. Sindano aliacha kando ya kitanda kifaa kidogo cha kuhesabu, kikakaa miezi mitatu milango ikifungwa na kufunguliwa kama kawaida ya nyumba. Kilipokwenda maabara kilisoma arobaini. Kikomo kilikuwa mia moja. Mama aliuliza arobaini ni nzuri, akaambiwa ni nzuri. Akasema basi, na akamwambia Timazi kwamba bomba lile juu ya paa limepinda kulia.

Halikuwa limepinda. Alipanda kuhakikisha.

Gharama ya yote hayo ilikuwa hii. Mashimo thelathini badala ya kumi na tano. Siku kumi na nane za kutazama udongo ukikauka. Malori mawili ya kokoto, robota zima la nailoni, bomba la mita saba na ndoo nne za lami, vyote ambavyo vingehitajika hata hivyo. Ahadi moja iliyovunjika mbele ya ukoo, na siku hamsini na mbili mama wa watu akiishi katika chumba kisicho chake. Siku hamsini na mbili za Timazi kulala sakafuni na shati. Na barua moja ya onyo, yenye tarehe na mhuri, ambayo imo mpaka leo kwenye faili la Sindano, ambaye kosa lake lilikuwa kumwamini shemeji yake asimuulize swali la pili.